Usivumilie Moshi, Kemilembe

Kemilembe mwanangu,

Umekwenda Hamugembe kusukwa, na nyumba nzima imejaa wanawake. Wako nyuma wanamenya ndizi za harusi yako kesho, wanacheka, na kila baada ya dakika tano mmoja ananiita nikaonje kitu au nikatafute sufuria iliyo mbele ya macho yake. Nimewaambia kichwa kinaniuma. Nimejifungia chumbani, nimeweka magotini lile daftari langu la vipimo vya wateja, na ninakuandikia kwenye kurasa za nyuma. Kwa hiyo ukigeuza karatasi ukakuta kiuno cha mwalimu mkuu, usishangae.

Sikuandikii namna ya kupika wala namna ya kukunja mashati. Unayoyajua unayajua, na usiyoyajua Edson atakula hivyo hivyo. Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilonijibu jana.

Jana walikukalisha kwenye mkeka wakakufunda. Nilikuwepo. Shangazi yako akasema vumilia. Mama yako wa ubatizo akasema vumilia. Yule jirani aliyeachwa mara mbili naye, loo, hata yeye akanyoosha kidole akasema vumilia! Zamu yangu ilipofika, mimi niliyekuzaa nikasema, "Mheshimu mume wako," nikakaa. Nilijionea aibu mwenyewe. Ndipo baadaye nikakufuata jikoni nikakuuliza, "Na kifua chako je, kule kwa wakwe zako Kamachumu?" Ukajibu bila hata kugeuka, "Ma, nitavumilia. Nitakuwa nakaa karibu na dirisha."

Kemi, siku tulipokwenda kuwasalimia wakwe zako, baba mkwe wako alivuta sigara tatu mfululizo huku akikusifu. Ulikaa pale umeinamisha kichwa kama ulivyofunzwa. Tuliporudi ulipuliza ile pampu yako ya pumu mpaka mikono ikatetemeka, na asubuhi yake kifua kilikuwa bado kinapiga filimbi. Ile ilikuwa saa moja na nusu tu. Sasa unakwenda kukaa. Kwa desturi yao omugole, bibi harusi, hatoki ndani wiki mbili za kwanza, anakaa sebuleni anasalimiwa na ukoo mzima, na nyumba ya Edson bado haijapauliwa, kwa hiyo baada ya hizo wiki mbili mtabaki hapo hapo kwa mzee. Halafu unaniambia dirisha!

Sasa nisikilize, maana haya sijawahi kukuambia.

Unajua ulikuwa na kaka, Novatus. Unajua amelala pale chini kwenye migomba, karibu na bibi yako. Tulikuambia alipata nimonia, Mungu akamchukua. Nimonia ni kweli. Yaliyobaki nimekuficha miaka yako yote ishirini na minne, na usidhani nilikuwa nakuhurumia. Nilikuwa naona aibu.

Nilipoolewa hapa Kaagya, babu yako alikuwa anavuta kiko. Kazi ya kumpelekea kaa la moto ilikuwa ya omugole. Akishamaliza kushindilia tumbaku anaita, "Omugole!" Nami nachukua kaa jikoni kwenye kigae, napiga magoti mbele yake, nalishikilia juu ya kiko mpaka kishike. Nilikuwa na mkono mtulivu, si unajua mkono wa fundi. Akiwa na wageni alikuwa anawaambia, "Huyu amefunzwa kwao." Basi mimi kichwa kinavimba! Nilikuwa nasubiri niitwe. Kuna siku nilichagua kaa zuri mapema nikaliweka pembeni, lisije likaisha kabla hajaita.

Novatus alipozaliwa nikaendelea kupeleka kaa, naye akiwa mgongoni. Jioni nikishamwogesha nampeleka sebuleni nampakatisha babu yake. Wageni wanatafuna punje za kahawa, wanavuta, mlango umefungwa kwa sababu ya ubaridi wa mvua, na mimi nimekaa kwenye mkeka natabasamu. Usije ukamwona babu yako katili. Alimpenda yule mtoto kuliko kitu chochote. Alikuwa anamwimbia, na moshi ulikuwa unatoka kinywani mwake pamoja na wimbo.

Mtoto akaanza kukohoa. Nikasema ni baridi. Nikampeleka zahanati, muuguzi mmoja mnene mwenye miwani akamsikiliza kifua, akaniuliza, "Nyumbani kuna mtu anavuta?"

Nikasema hakuna.

Akaniangalia. "Hata wageni?"

"Hakuna, dada."

Umesikia, Kemi? Nilikuwa na harufu ya kiko kwenye kitenge changu, na yule mama alikuwa na pua. Lakini nilijiona kama nimeambiwa nimtaje baba mkwe wangu polisi. Niliambiwa omugole hatoi nje mambo ya nyumbani, nikashika hilo kama amri ya Mungu. Nikapewa dawa, nikarudi, na jioni hiyo hiyo nikaitwa nikapeleka kaa.

Mara ya tatu kumpeleka, mbavu zilikuwa zinazama kila akivuta pumzi. Tukakimbizwa hospitali Bukoba. Alikaa siku nne. Alikuwa na miezi saba, meno mawili ya chini, na alikuwa anapenda kushika pua za watu.

Daktari hakunilaumu, na mimi nilitaka anilaumu. Nilipomweleza ukweli, umechelewa ukweli wenyewe, alisema hawezi kuniambia kuwa moshi peke yake ndio uliomuua, maana nimonia inachukua watoto hata kwenye nyumba zisizo na mvutaji. Akasema ila mapafu ya mtoto mchanga yakipigwa moshi kila siku yanachoka, ugonjwa ukija yanakuwa hayana nguvu ya kupigana nao. Akasema mtu si lazima ashike sigara ndipo imdhuru, anayekaa karibu naye anavuta. Sikujua, Kemi. Mtu wa darasa la saba mzima, na sikujua. Nilikuwa najua moshi wa tumbaku unamdhuru mwenye tumbaku yake.

Baba yako hakuniuliza daktari alisema nini. Nami sikumwambia.

Halafu ukaja wewe. Ulipofika miezi minne ukaanza kile kifilimbi chako. Nikakubeba mpaka kwa muuguzi yule yule, miwani ile ile, swali lile lile. Nikasema, "Yupo. Baba mkwe wangu. Kiko, asubuhi na jioni, na mimi ndiye ninayekiwasha." Nililia pale mpaka akaniletea kiti.

Usidhani nilirudi nyumbani shujaa. Thubutu! Kwanza nilijaribu ujanja. Nilifungua dirisha la sebule, nikaridhika. Dirisha lile lile unalolitaka wewe. Upepo ukawa unausukuma moshi wote kuja chumbani kwetu. Nikashona pazia zito, kitambaa cha kuvalisha makochi, nikalitundika mlangoni kati ya sebule na chumba chako, nikajisifu kweli kweli. Baada ya wiki nikalishusha kulifua. Nililinusa upande wa sebuleni, kiko. Nikalinusa upande wako, kiko. Nikanusa nywele zako, mwanangu, mtoto wa miezi minne, kiko. Nikakaa chini na lile pazia mapajani nikajua hakuna kitambaa kitakachonisaidia, inabidi nifungue mdomo.

Jioni akaita, "Omugole!" Nikaenda mikono mitupu. Nikapiga magoti nikasema kwa heshima yote, "Tata, waitu, siwashi tena. Na mtoto hataingia humu kiko kikiwa kinawaka."

Akacheka. Alidhani natania. Halafu akaona sinyanyuki.

Kesho yake kikao. Walikuja baba zako wadogo, wakaja mawifi, pombe ya lubisi ikaletwa kabisa kana kwamba kuna sherehe. "Umetoa wapi mdomo?" "Unamfukuza mzee kwenye nyumba aliyoijenga?" Wifi yangu mkubwa akasema, "Sisi tumekulia kwenye msonge, moto katikati ya nyumba, moshi mpaka machozi, mbona tuko hai?" Nikamjibu, "Walio hai ndio wanaosimulia, wifi. Wale wadogo zako watatu nani atawauliza?" Mmh! Wakaniamuru nipige magoti niombe msamaha. Magoti nilipiga, kwa sababu yule ni mkwe wangu. Msamaha sikuomba. Baba yako muda wote huo alikuwa anahesabu vidole vyake vya miguu.

Nikakubeba nikarudi kwetu. Miezi miwili. Mama yangu mwenyewe alinilaumu kila siku ya Mungu, kwamba namwaibisha. Unajua nani alikuja kutuchukua? Babu yako. Alikuja kwa miguu, peke yake, akasema, "Nimemkumbuka mtoto." Tangu siku hiyo akawa anavutia kule mwisho wa kibanja, kwenye ile mibuni ya zamani, mvua inyeshe isinyeshe. Wewe unakumbuka alivyokuwa ananawa mikono na kubadilisha shati kabla hajakubeba, na umewahi kuniambia babu alikuwa mtu msafi sana. Haya, sasa unajua usafi ule ulitoka wapi.

Lakini kifua chako kilikuwa kimeshaharibika. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kwa Novatus nilinyamaza moja kwa moja, na kwako nilichelewa. Kila nikikusikia unapuliza hiyo pampu najua nani alikuwa anashikilia kaa.

Ndiyo maana nimekuwa hivi nilivyo. Nimejua siku nyingi kwamba ulikuwa unaniona naleta aibu. Ulikuwa kidato cha pili uliponiomba nikiandike kibao changu kwa maandishi madogo, kile cha HAPA KWA FUNDI HATUVUTI. Nikakiandika kwa makubwa zaidi. Kwenye jumuiya nikipewa nafasi ya kutoa nia ya sala, nasema habari ya moshi mpaka mwenyekiti anakohoa. Wale bodaboda pale senta wananiita Mama Moshi, wakiniona wanapiga kelele, "Zimeni, anakuja!" Wanatania, lakini wanazima! Mmoja wao mwaka jana alileta suruali nimpunguzie, akasubiri wenzake waondoke, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, na mke wangu mjamzito, nikivutia mlangoni je?" Nikamwambia mlangoni ni ndani. Akashukuru akaenda. Kwa ajili ya yule mmoja waniite hata Mama Jivu, sijali.

Wananiita tena huko nje, wanataka chumvi. Watafute.

Sasa Edson. Ni mtu mzuri, nampenda, na anajua kucheka. Lakini nilimvuta pembeni mwezi uliopita nikamuuliza kuhusu sigara za baba yake, akaniambia, "Mama, baba ni mzee, tumwache tu." Kemi, huyo ndiye baba yako wa wakati ule, kabisa! Hana ubaya, ila atahesabu vidole vya miguu. Usimngoje akusemee. Ukisema wewe kwanza, huenda naye sauti ikamtoka. Baba yako ilimtoka baada ya miaka mitatu, lakini ilimtoka.

Na jambo jingine ambalo hukuniambia, nikaliona mwenyewe nilipokupima gauni mara ya mwisho. Niliachia kiuno, nikanyamaza. Mimi ni fundi, mwanangu, utaficha kwa padri. Sikugombi. Nakuambia tu kwamba kesho hamtaingia watu wawili kwenye ile sebule. Mtaingia watatu.

Leo alfajiri nilikuaga nakwenda mjini kununua uzi mweupe. Uzi ninao robota zima. Nilikwenda Kamachumu.

Ndiyo. Mama wa bibi harusi, siku moja kabla, bila mwaliko, bila mshenga. Haijawahi kusikika. Mama mkwe wako aliponiona alishika kifua akadhani umekufa. Akanikaribisha, akaleta kahawa ya kutafuna, na mzee akaja akaketi, akanisalimia vizuri kabisa, halafu akatoa sigara akawasha.

Nikanyanyuka nikatoka nje. Alidhani naondoka. Mimi nikasimama uani, pale vijana walipokuwa wanafunga turubai la harusi, nikaendelea na maongezi kwa sauti ya kumfikia huko ndani. Vijana wakaacha kamba. Ikabidi atoke, sigara mkononi.

"Mama, unanitia aibu mbele ya watu."

"Nisamehe kwa hilo, Mzee. Binti yangu ana pumu. Naomba humu sebuleni pasivutwe sigara tena, si kesho tu, si wiki mbili tu, bali kabisa."

"Kwa hiyo mtoto wako anakuja kunitawala nyumbani kwangu?"

"Hapana, waitu. Anakuja kupumua."

Kijana mmoja akacheka, mzee akamkata jicho. Akanigeukia. "Miaka hamsini navuta. Nimelea watoto tisa. Hebu niambie, ni nani umewahi kumwona amekufa kwa tumbaku ya mwenzake?"

Nikamtajia jina. Nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe, kaa la moto, muuguzi, uongo wangu, siku nne. Nilisimama juani nikayasema mbele ya vijana wa turubai na majirani waliokwisha kukusanyika kwenye uzio wa michai. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyasema yote kwa mpigo. Sikulia. Sigara ikaungua yenyewe mpaka ikamchoma kidole, akaitupa.

Akaniuliza, "Binti anajua haya?"

"Bado."

"Mwambie basi. Mtoto asiolewe hajui." Halafu akasema, "Lakini mimi sikuahidi kitu, mama. Nisije nikakudanganya."

Nikamwambia, "Umesema kweli, nashukuru. Na mimi sikuahidi kuwa kesho utapata omugole."

Nikaondoka. Mama mkwe wako alinisindikiza mpaka barabarani, akanishika mkono akaubana kwa nguvu. Mkono wake ulikuwa unanuka moshi, maskini, na yeye hajawahi kuvuta hata siku moja.

Basi mwanangu, mambo ndivyo yalivyo. Sijui mzee atafanya nini. Kesho mkitoka kanisani mtapelekwa Kamachumu kwa shangwe, na mimi kwa desturi natakiwa nibaki hapa nikilia kwa furaha. Sitabaki. Nitakuwa barabarani nje ya uzio wao, nimevaa gomesi langu la kijani, kila mtu anione.

Ukifika mlangoni, kabla ya kuvuka, simama uvute hewa. Ukiona sebule ni safi, ingia, msalimie mkwe wako kwa magoti yote mawili, na umpende kama nilivyompenda babu yako. Ukisikia moshi, usiingie. Usiangalie nani anapiga vigelegele, usimwangalie shangazi, usimwangalie hata Edson. Geuka na shela lako uje nilipo. Akikufuata, nyinyi ni mume na mke, mtapanga chumba hata Muleba mjini. Asipokufuata, utakuwa umemjua mapema.

Watasema Verdiana amevunja harusi ya mwanaye. Waseme. Watasema hukufunzwa. Waambie ulifunzwa, na uwatajie nani. Mimi nilikuwa omugole aliyesifiwa kuliko wote Kaagya, na nikiwa nasifiwa hivyo nilikwenda kuchimbiwa kaburi la urefu wa mkono wangu. Safari hii nataka lawama, Kemi. Nataka wanilaumu mpaka wachoke, nikiwa nimembeba mjukuu wangu anayepumua.

Mama yako, ambaye kesho yuko nje ya uzio,

Verdiana